Kupiga picha nyota inayolipuka

SWALI: Naishi Matai, nina kamera yenye lenzi ya milimita 200 na stendi ya miguu mitatu. Naweza kupiga picha supanova ya galaksi nyingine?

JIBU: Unaweza, mradi iwe angavu. Ile ya Mei 2023 katika galaksi ya M101 iligunduliwa na Koichi Itagaki, mwanaastronomia wa ridhaa wa Japani, na wengi wakainasa kwa vifaa vidogo, ingawa iko takriban miaka ya nuru milioni 21 kutoka kwetu.

Kwenu M101 hukaa chini, kaskazini. Mimi ningechagua galaksi ya M83. Mwezi Mei, mvua za huko kwenu Ufipa zikiwa zimekwisha, saa nne usiku inakuwa juu kabisa, na kati ya 1923 na 1983 zilionekana humo supanova sita.

Stendi peke yake inakupa sekunde 1 au 2. Ukizidisha, nyota zinageuka mistari. Zima fokasi ya otomatiki, fungua lenzi hadi mwisho, weka ISO 3200, piga picha mia mbili au zaidi, kisha uzirundike kwa DeepSkyStacker, programu ya bure. Fundi seremala akikuungia mbao mbili kwa bawaba, uelekeze bawaba kusini, iinuke nyuzi 8 hivi, uwe unazifungua taratibu kwa skrubu ili kamera iliyofungwa juu yake ifuate nyota, utapata sekunde nyingi zaidi.

Ukiona nukta mpya, rudia kesho yake: ikiwa imehama, ni asteroidi. Piga M83 mwaka huu na uzitunze picha hizo, maana bila picha ya zamani hutajua kipya ni kipi.