Mama anaona watu wasiokuwepo

*Dokta, mama yangu ana miaka 74, tunaishi Kalundu. Macho yake yameingia ukungu, na tangu mwaka jana anaona watoto wenye nguo za rangi wamekaa ukutani, kimya. Majirani wanasema ni mizimu, wengine wanasema uchawi. Shangazi anamtia maji ya majani machoni. Tufanye nini?*

Dada, zuia hayo majani sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Maji ya majani, mkojo, maziwa ya mzazi: vyote nimevikuta machoni mwa wazee, kutoka Kavimvira mpaka Makobola. Vingine huunguza kioo cha mbele cha jicho, vingine huingiza vijidudu vinavyokiozesha. Kovu jeupe likishabaki pale, jicho ambalo lingepona kwa upasuaji mfupi linaweza lisipone tena.

Na mama si mchawi. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu na macho mabovu, aliyekuwa akiona watu, ndege na majumba yasiyokuwepo. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet hadi leo. Huenda ndiyo inayompata mama, maana ubongo haungoji jicho limalize kazi. Ukitazama ziwani alfajiri, jicho linapata doa jeusi tu juu ya maji. Kumbukumbu inaingilia tangu hatua za mwanzo za kuona, nawe unaona mtumbwi na mvuvi aliyeinama. Jicho likiacha kuleta habari, ubongo haulali. Unachora wenyewe, kwa yale uliyoyahifadhi. Ni picha tu, si sauti; ndiyo maana watoto wale hawasemi.

Mwulize mama polepole. Huenda anajua kabisa kwamba hawapo, ila anaogopa midomo ya watu, na ana haki ya kuogopa: mwaka 2021, huko Kabare, Kalehe na Walungu, mkoani kwetu hapa, kina mama wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Asipelekwe kwa bajakazi yeyote, hao wanaodai kutambua wachawi. Watoto wakimjia, awashe taa, apepese macho, atazame kushoto na kulia. Mara nyingi hutoweka.

Lakini mwaka mzima mlikuwa mnangoja nini? Ukungu huo ukiwa ni mtoto wa jicho, hupasuliwa, mtu akaona tena. Presha ya jicho haina huruma hiyo: uoni ulioibiwa haurudi. Nyumbani hamwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Mpelekeni hospitali kuu juma hili, na kama daktari wa macho hayupo, ombeni barua ya kwenda Bukavu. Akianza kusikia sauti, kuchanganyikiwa au kupata homa, hilo ni jambo jingine, huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Hapo msingoje kukuche.