Mama Aseme Mapema

Mama akaribiaye siku zake huandaa kanga, nguo za mtoto na beseni. Lakini jambo moja husahauliwa katika nyumba nyingi: mapenzi ya mama mwenyewe. Ataka kuzalia wapi? Nani awe karibu naye? Mtoto akitoka atunzwe namna gani? Hayo huamuliwa na bwana au mama mkwe, au hayaamuliwi na mtu yeyote, mpaka uchungu uanze usiku.

Je, mama anayo haki ya kusema? Naam, anayo. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lasema mzazi awe na mwenzi amchaguaye mwenyewe wakati wa uchungu. Kama hana hatari ale, anywe na kutembea. Tena achague jinsi ya kukaa anaposukuma mtoto. Bibi zetu wengi walizaa wamechutama au wamepiga magoti, na vijana wakawacheka. Kumbe hawakuwa wajinga. Huko Kigoma, jirani zetu wa kusini, vituo kadhaa viliwakaribisha wenzi wa wazazi katika miaka ya 2016 hadi 2018, na akina mama wakafurahi.

Lakini kupenda ni kitu kimoja, na njia ni kitu kingine. Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012. Zipo hospitali za Kanisa Katoliki Nyakaiga na Isingiro, na ya Walutheri Nyakahanga. Hata hivyo mtu wa Murongo, mpakani mwa Uganda, hawezi kuhesabu safari yake kama mtu wa Kayanga mjini. Mvua ikinyesha vilimani, pikipiki huteleza. Basi nauli iwekwe akiba, na dereva ajulikane kwa jina. Dharura ikitokea iko namba 115, isiyotozwa malipo, ya mpango wa m-mama ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022.

Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu, au aliyetokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita, asichague zahanati kwa kuwa iko karibu. Achague hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kama nyumba yake iko mbali, asogee mapema. Hapa hatusemi kwa upole. Wala asinywe dawa za miti za kuhimiza uchungu, kwani huweza kulikaza tumbo la uzazi hata likapasuka.

Nanyi akina bwana, ruhusa yenu itolewe kabla ya siku. Mke anayetokwa na damu hawezi kumngoja mume aliyepeleka kahawa yake mbali, wala mkutano wa ukoo. Naye mama aelewe kwamba mapenzi yake si amri kwa daktari: mtoto akichoka tumboni, mpango hubadilika. Ndipo ana haki ya kuelezwa sababu, na kukubali kwa akili yake. Mama akizungumza na mkunga siku za kliniki, wala si katikati ya uchungu, wataelewana.

Mwaka 2015–16, kati ya kila watoto 100 waliozaliwa nchini, 63 walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walifika 81. Kwa hiyo wengi wenu mtafika kwa mkunga. Mwulizeni basi haya: Je, mama aweza kuingia na dada yake? Kondo la nyuma aweza kwenda nalo nyumbani? Na mtoto akiwa mzima, mwombeni asiukate utovu kabla ya dakika moja kupita, amlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye katika saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa, maana ndiyo kinga yake ya kwanza. Kitovuni msitie majivu wala samadi.

Kuoga kwake kungoje saa 24, apate kutunza joto. Bibi atakayekuja kumwogesha mjukuu aambiwe hilo kwa heshima wiki kadhaa mbele, wala si pale amekwisha fika mlangoni na beseni mkononi.