Jiko la Gesi Kambini: Faida na Hasara

Vijana wetu wakienda kambi, swali la kwanza huwa ni moja: tutapikia nini? Wengi siku hizi hubeba ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, wenye jiko juu yake. Tuuangalie pande zote mbili.

FAIDA: Unawaka mara moja, hata kama kuni zimelowa mvua. Hauna moshi, sufuria haziwi nyeusi, na hakuna mti unaokatwa.

HASARA: Mtungi ukijaa unapita kilo 10, mzigo wa kutosha kwa mwenye kutembea. Upepo ukivuma, moto unapotea bure. Sufuria kubwa ya watu wengi haikai imara juu yake. Na gesi ikiisha porini, duka liko wapi?

HATARI: Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini ikingoja cheche. Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, inavuja: funga mtungi, usiwashe kiberiti.

Usiku wa baridi, jamani, msiingize jiko ndani ya hema ili kuota moto. Moto uliokosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Mtu husinzia tu, asiamke tena.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kambini kwetu, nani atakagua mtungi kila jioni?
2. Je, wote wamebeba blanketi za kutosha, wasitamani jiko usiku?