Samaki wa Kuanza Nao Kwenye Tangi Dogo la Maji ya Chumvi

Anayeanza kufuga samaki wa baharini nyumbani huniuliza anunue samaki gani kwanza. Jibu langu halibadiliki: panga wakazi wote wa tangi kabla hujanunua hata mmoja. Katika lita 80 za maji mahali pa kujificha ni pachache, na mkorofi mmoja anatosha kuwanyima wenzake chakula na utulivu.

Kila samaki nampitisha kwenye maswali matatu.

Akikomaa atakuwa mkubwa kiasi gani? Kangaja wa buluu huuzwa akiwa mdogo, kisha hupita sentimita 20, naye ni wa kuogelea kutwa. Tangi dogo kwake ni kifungo.

Mdomo wake unameza nini? Kwa chewa, chochote kinachoenea mdomoni ni chakula, hata jirani yake.

Anagombea nini? Samaki wa miamba hugombania pango na eneo, hasa wakifanana umbo na rangi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Damseli wa buluu ni imara na bei yake nafuu, lakini akishajimilikisha jiwe humfukuza kila mgeni.

Kwa tangi la lita 80 hadi 100, kundi ninalolipendekeza ni hili:

1. Jozi ya samaki wa anemoni, Amphiprion ocellaris. Nunua wadogo wawili wasiolingana. Wote huanza wakiwa madume, na mkubwa ndiye hugeuka jike. Utamwona mdogo akijilaza ubavu na kutetemeka mbele ya mwenzake. Haumwi, anakubali kwamba mwenzake ndiye mkubwa. Anemoni si lazima, maana inahitaji mwanga mkali na tangi lililokomaa.

2. Nemateleotris magnifica, mmoja. Huelea juu ya tundu lake akipandisha na kushusha pezi refu la mgongoni. Ni mpole na mwoga, na akishtuka huruka nje, kwa hiyo funika tangi kwa wavu.

3. Gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus, pamoja na kamba mchimbaji. Kamba huchimba shimo, gobi hulinda mlangoni. Kamba haoni vizuri, hivyo akitoka huacha upapasio wake umguse gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili huingia ndani.

Kundi hili hupatana kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake: jozi huogelea kwenye maji ya wazi, wa pili hukaa karibu na tundu lake mwambani, gobi hubaki mchangani. Samaki wanne wanatosha. Kwetu Pwani maji ya tangi hupata joto haraka, na yakizidi joto hewa ndani yake hupungua.

Usiingize samaki hadi vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri, jambo linaloweza kuchukua wiki nne hadi sita. Kisha anza na mwoga, afuate gobi na kamba wake, na jozi iingie mwisho. Ukianza na jozi, watakaofuata watakuta tangi lina wenyewe. Kati ya kundi na kundi subiri wiki mbili au tatu, ukipima maji.

Dukani, mwombe muuzaji awalishe samaki ukiwa umesimama hapo. Asiyekula, anayehema haraka au mwenye vidoa vyeupe kama punje za chumvi, mwache. Uliza pia kama samaki amezalishwa kwenye tangi. Ocellaris wa kuzalishwa wanapatikana, na huzoea chakula cha dukani kwa urahisi. Usijichotee samaki mwambani: katika hifadhi za bahari kama Watamu na Kisite uvuvi ni marufuku, na kwingineko ulizia leseni kwanza.

Basi kabla hujaenda dukani, andika majina ya samaki wako kwenye karatasi. Asiyekuwemo, hata akikuvutia vipi, usimnunue.