Dondoo Muhimu: Umeme wa Jua Nyumbani Wakati wa Sikukuu

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako mchana wa Desemba huzidi saa 12, kaya yenye paneli za sola inaweza kusherehekea Krismasi na Mwaka Mpya kwa kutumia umeme kidogo wa gridi, iwapo itazingatia yafuatayo:

• Kazi nzito zifanywe mchana. Kupiga pasi nguo za sikukuu, kusaga viungo vya pilau na kupoza vinywaji kufanyike kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati paneli zinapozalisha umeme mwingi, ili betri ibaki imejaa kwa ajili ya usiku.

• Matumizi yahesabiwe kwa wati-saa, yaani nguvu ya kifaa ikizidishwa kwa saa za kukitumia. Taa 10 za LED zenye wati 9 kila moja, zikiwaka kwa saa 5, hutumia wati-saa 450, ilhali pasi ya wati 1,000 huweza kumaliza 500 kwa nusu saa tu.

• Betri ilindwe. Betri ya risasi na asidi yenye volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa kupita nusu mara kwa mara huchakaa upesi.

• Paneli zifutwe vumbi kwa maji na kitambaa laini alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Umeme unaotunzwa mchana ndio utakaowaangazia wageni usiku.