Huyu Mkorofi, Yule Mpole: Umejuaje?

Kama umewahi kuchunga mbuzi tambarare za Same, au kuwakatia majani huko milimani Upare, jambo hili unalijua: mbuzi hawafanani. Yupo anayetangulia kuvamia mahindi ya watu, na yupo anayeshtuka hata jani likianguka. Hiyo ndiyo hulka: namna mtu au mnyama anavyoelekea kutenda, leo na kesho, hapa na pale.

Zamani wanasayansi wengi hawakukubali kuwa wanyama wana hulka. Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, akawapa majina kama Flo na David Greybeard. Wasomi wa Cambridge wakamwambia alipaswa kuwapa namba tu! Lakini yeye alishaona kwamba kila sokwe ana yake.

Je, hulka ya sokwe inapimwaje, maana hajazi fomu? Huulizwa watu wanaomfuatilia porini. Kila mmoja anampa alama peke yake: ni mbabe kiasi gani? Mwoga? Mdadisi? Kisha majibu yanalinganishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima hivyo sokwe 128 wa Gombe, na waliotoa alama ni Watanzania wanaowafahamu.

Kwa binadamu, wataalamu wengi huangalia mambo matano: uchangamfu, upole kwa wenzako, bidii na utaratibu, udadisi, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Sote tunayo yote, ila kwa viwango tofauti. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli.

Sasa turudi shuleni. Fomu Wani anafika bwenini, wiki nzima haongei. Wenzake wanasema, "Huyu anaringa!" Jina linamganda mpaka Fomu Foo. Kumbe alikuwa mgeni tu, anakumbuka nyumbani. Jamani, sokwe afuatiliwe kwa miaka, mwenzako umpime kwa wiki moja?

Kabla hujampa mtu jina, jiulize:
1. Nimemwona akifanya hivi mara ngapi?
2. Ni darasani tu, au hata uwanjani na nyumbani?
3. Wengine wanaomjua wanasemaje?

Na mchangamfu akibadilika ghafla, chakula hakipandi, usingizi hauji, usiseme "ndivyo alivyo". Huenda ana tatizo. Mwulize taratibu, bila kumcheka, kisha mwende pamoja kwa mwalimu mnayemwamini au zahanati. Kazi kwako!