Lupusi Inaposhika Uti wa Mgongo



Lupusi si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si kazi ya mchawi. Askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, wanageuka kushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, damu. Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Lakini mwanaume wa mgodi asijidanganye: vumbi la silika, lile linaloleta silikozi kifuani, limeonekana kuzidisha hatari ya lupusi pia. Toboa mwamba kwa maji, na vaa kinyago chako.

Leo tutazame tatizo moja la lupusi. Ni la nadra, linapata mgonjwa 1 au 2 katika 100, lakini linakwenda mbio.

Ndani ya mifupa ya mgongo mnapita uti, kama kebo ya umeme inayoshuka shimoni. Kebo ikiharibika katikati, taa zote za chini zinazimika. Vivyo hivyo uti ukivimba kwa sababu ya lupusi: miguu inakufa ganzi na kukosa nguvu, tumbo au kifua kinajisikia kama kimefungwa mkanda, na mkojo hautoki. Yote hayo yanaweza kuja kwa saa chache au kwa siku chache.

Mtego uko hapa. Kwa wagonjwa wengine, homa na mkojo kuzibana vinatangulia, miguu ikiwa bado inatembea. Tuseme bibi ya mfanyakazi mwenye lupusi anafika dispanseri hivyo. Wanadhani ni malaria au ugonjwa wa mkojo, anapewa vinini, anarudi kambini. Kesho yake hawezi kusimama. Kwa hiyo, mama, hata kama hukuulizwa, sema mwenyewe: «Mimi nina lupusi, na mkojo hautoki.»

Usiende kwanza kwa mtu wa kuchua mgongo. Nenda hospitali siku ileile. Munganga atataka kutoa maji ya mgongo kwa sindano. Wengi wanakataa, wakisema sindano hiyo inapoozesha. Si kweli: inachomwa chini ya kiuno, mahali ambapo uti umekwisha malizika. Inasaidia kutafuta maambukizo, maana kifua kikuu na bilharzia vinaweza kupooza miguu vilevile, na kifua kikuu kikipewa kortizoni peke yake kinapata nguvu.

Kama ni lupusi, mara nyingi kortizoni inapitishwa katika mshipa, hata gramu 1 kwa siku, kwa siku 3 mpaka 5. Kisha vinini kwa miezi, vikipunguzwa polepole, na mara nyingi dawa nyingine ya kutuliza wale askari. Usivikatize ghafula, mwili unaweza kuanguka. (Na wanaonunua kortizoni sokoni ili wanenepe, wanacheza na moto.)

Wengine wanatembea tena vizuri, wengine wanabaki na udhaifu; waliochelewa ndio wanaoumia zaidi. Wakati mgonjwa bado amelala, mgeuzeni kila saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya matako. Mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyonawa kwa sabuni, na mfuko wake ukae chini kuliko kitanda.